Kusimamishwa Kazi kwa Mguu wa Kulia

Raia wote wa jiji la Goma na viunga vyake, kuanzia Lac Vert hadi Kibumba, walijulishwa kwa njia ya redio, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwamba mguu wa kulia wa kipa Jolie Habineza ulikuwa umesimamishwa kazi. Mguu wa kushoto ulipongezwa kwa utulivu wake. Mikono yote miwili iliombwa iendelee na majukumu yake kama kawaida, wakati taratibu zikifuata mkondo wake.

Hakuna aliyecheka. Ni kweli kwamba pale Birere vijana wa pikipiki walishika matumbo, na mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alilazimika kukaa chini kwa kuishiwa nguvu, lakini hao hawahesabiki, maana tangazo halikuwa limewalenga. Watu wenye majukumu waliipokea habari kwa uzito unaostahili, wakaongeza sauti ya redio na kutikisa vichwa.

Tangazo lilitoka Kurugenzi ya Mkoa ya Michezo Isiyo ya Miguu. Ikiwa yuko msomaji ambaye huko kwao serikali haijafikia hatua hii, basi aelezwe. Soka ina ofisi yake, gari lake na maadui wake. Michezo mingine yote, ya mikono, ya magongo, ya nyavu na ya majini, ilikaa yatima miaka mingi, mpaka wakubwa walipoionea uchungu wakaikusanya chini ya paa moja na kuitafutia gari. Funguo za gari alipewa mkurugenzi, Papa Directeur Luc Mirindi, mtu wa upande wa Bukavu, mwenye sauti nzito ya kwaya na suti ya kijivu isiyojua mkunjo. Hakuwahi kucheza mchezo wowote maishani mwake, na jambo hilo lilimwepusha na upendeleo.

Katika michezo yote aliyoitawala, Papa Directeur aliupenda zaidi mpira wa magongo. Ulikuwa na watu wachache, na wachache hao walikuwa wanawake wenye adabu. Hakuujua sana. Alijua kuna gongo, kuna mpira mdogo mgumu na kuna goli, na alipoelezwa hayo matatu alisema inatosha, mengine ni mambo ya mafundi.

Sasa tumzungumzie mwenye mguu.

Jolie alizaliwa kwenye milima ya Masisi, kwa mzee Ézéchiel Habineza, mfugaji. Huko, ng'ombe wanapokamuliwa asubuhi, ndama hufungiwa kando wasije wakamaliza maziwa, na mtoto mmoja husimama kwenye mwanya wa zizi kuwazuia. Ndama mwenye njaa hana mchezo. Anakuja chini, anakuja mbio, na anabadili nia ukiwa umeshaamua aendako. Mikono haifai kitu hapo, inafaa miguu. Kaka zake wote walipitwa. Jolie hakupitwa, na baba yake akaacha kabisa kuweka mti kwenye ule mwanya.

Baadaye milima ikawa haikaliki, ng'ombe wakaenda na wenye bunduki, na familia ikateremka Goma, mtaa wa Ndosho. Jolie akawa anauza fromage, jibini ya Masisi, soko la Virunga. Siku moja alikatiza kwenye uwanja wa parokia akiwa na karai kichwani, akamkuta mwalimu Kaswera, mwanamke wa Butembo asiyevua filimbi shingoni hata kanisani, akifundisha wasichana mpira wa magongo. Magongo yalichongwa na fundi yuleyule anayechonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kwa hiyo yalikuwa mazito, na moja lingeweza kubeba gunia la viazi. Uwanja ulikuwa wa mawe ya volkano yaliyopondwapondwa. Kipa wa siku ile alikuwa ameona mambo hayo mawili kwa pamoja akaenda zake nyumbani.

"We mama wa fromage," Kaswera aliita. "Unaogopaka mupira?"

"Inaumaka?"

"Sana."

"Inapita teke ya ndama?"

Kaswera, ambaye kwao walilima kahawa, hakuwahi kupigwa na ndama, akamwonyesha goli kwa gongo. Jolie alitua karai, akaingia golini, na wasichana wakapiga mpaka wakachoka. Jioni ile alirudi Ndosho akichechemea, mwenye furaha ya kijinga usoni, na fromage ilikuwa imeyeyuka pembezoni.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kinga za miguu alijishonea mwenyewe kwa sponji ya godoro na mpira wa tairi, na kichwani alivaa helmeti ya motari, dereva wa pikipiki. Miaka ikapita, akawa kipa wa mkoa, na washambuliaji kutoka Bukavu wakawa wakifika mbele yake wanaanza kufikiri mambo ya nyumbani kwao. Silaha yake ilikuwa mguu wa kulia. Katika mpira wa magongo kipa peke yake ndiye anayeruhusiwa kuucheza mpira kwa mguu, akiwa ndani ya duara lake. Ni sheria ya dunia nzima. Papa Directeur alikuwa hajaambiwa, kwa kuwa ni mambo ya mafundi.

Habari za mguu ule zilifika Kampala. Klabu moja ya huko ilikuwa inatafuta kipa, na kocha wake akampigia Kaswera simu: mashindano ya kanda yakifika huku kwetu, mlete tumwone, akiwa ni kama unavyosema, harudi. Jolie alikuwa na miaka ishirini na sita. Alitaka kwenda Kampala kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona haya kulisema hilo sokoni, nyumbani wala katika sala.

Kabla ya Kampala lakini, ilibidi msimu ufunguliwe, na katika mkoa wetu hakuna mchezo unaofunguka wenyewe. Lazima mkubwa aguse mpira kwanza. Kwenye soka mkubwa anagusa kidogo kwa ncha ya kiatu, anapungia watu, anarudi kukaa. Papa Directeur aliona huo ni uvivu. Yeye alikuwa mtu wa matokeo. Alipofungua msimu wa voliboli, mpira wake ulivuka wavu na timu nzima ikautazama ukianguka. Alipofungua mashindano ya kuogelea ziwani aliwasili wa kwanza, akiwa ndani ya mtumbwi. Kwenye mpira wa magongo alitaka kufunga goli.

Kazi ya kumwandaa kipa ilimwangukia Paulin, mkuu wa itifaki wa kurugenzi, kijana mwembamba aliyetembea kana kwamba nyuma yake kuna msafara.

"Papa Directeur atapiga kwa mukono yako ya kuume," Paulin alimweleza Jolie. "Weye utaanguka kushoto. Na uanguke na heshima, hapana kuanguka kama mutu wa bure."

"Na kama mupira inakuya kushoto?"

"Papa Directeur anapigaka kuume."

"Alishapigaka siku gani?"

Paulin alimtazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mtoto wa chekechea.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa, na fanfari ya matarumbeta. Turubai la wageni liliwekwa kwa busara mahali ambapo mtu angemwona vizuri Papa Directeur, huku spika kubwa zikifunika goli. Nyuma ya goli walisimama wale ambao hawakualikwa: motari, mama wa sambaza, wanafunzi waliotoroka darasani. Papa Directeur alivua koti, akampa Paulin, akashika gongo la chukudu kwa mikono miwili, akapiga.

Mpira ulienda polepole kulia kwa Jolie kama ilivyopangwa. Ila haukuwa unaelekea golini. Ulikuwa unapita nje ya nguzo, hatua nzima, na kila jiwe lililougonga lilizidi kuupeleka mbali.

Jolie aliona. Alikuwa ameshaanza kuanguka kushoto kwa heshima, na akaona. Akaona pia mgongo wa Papa Directeur umebaki umeinama, na mdomo wake umefunguka kidogo, na moyo wake Jolie, ambao haukuwa na kazi yoyote pale, ukamwonea mzee wa watu huruma. Akajigeuza, akanyoosha mguu wa kulia nje ya nguzo kadiri ulivyofika, ili aukwangue ule mpira na kuuvuta uingie.

Mguu wake ulikuwa umezoea kazi moja tu. Uliupata mpira barabara, ukaurudisha ulikotoka. Mpira ukabingirika uwanja mzima ule, kwa adabu, ukaja kusimama kwenye kiatu cha Papa Directeur.

Kutoka kwenye turubai walichoona ni hiki: mpira ulikwenda nyuma ya spika, mpira ukarudi. Fanfari, ambayo ilikuwa imeambiwa ipige goli likiingia, ilipuliza nusu ya wimbo ikanyamaza.

Tume ya Kuchunguza Kutoingia kwa Mpira wa Papa Directeur iliundwa kabla viti havijarudishwa. Ilikaa kwenye ofisi ya kurugenzi, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi na siri. Wajumbe walichaguliwa kwa uangalifu mkubwa: hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mpira wa magongo, wasije wakawa na maoni. Mwathirika mwenyewe, Papa Directeur, alikaa mwisho wa meza kama mtazamaji. Paulin aliongoza mahojiano.

"Habineza Jolie. Muguu yenye iligusa mupira ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ya kuume ao ya kushoto?"

"Ya kuume."

"Na wakati ule, ya kushoto ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inasimama."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba hilo ni jambo la kuzingatia.

"Basi ju ya nini ya kuume haikufuata mufano ya mwenzake?"

Hapo Kaswera, aliyekuja kama shahidi, alisimama na filimbi yake. "Gardienne anaruhusiwa kucheza na muguu! Ni règlement. Kampala ni vile, Kinshasa ni vile, fasi yote ni vile!"

Wajumbe wakamtazama kwa hofu.

"Mama coach," Paulin alisema taratibu, "hapa ni Kurugenzi ya Michezo Isiyo ya Miguu. Unataka kusema mbele ya tume kama ndani ya muchezo yetu kuko miguu?"

"Njo vile!"

"Basi muchezo inaenda kwa batu ya football. Na budget inaenda. Na gari." Akameza mate. "Gari inaenda, mama."

Mjumbe mmoja akafungua dirisha kidogo apate hewa. Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba Kaswera hakusema lile alilosema. Kisha Paulin akamgeukia Jolie na kumuuliza kama ana neno la kujitetea.

Alikuwa nalo, na lilikuwa fupi. Mpira ulikuwa unatoka nje. Alilibeba mdomoni tangu siku ya tukio, na nyuma ya goli kulikuwa na watu tele wa kumuunga mkono. Akainua macho alitamke, na macho yake yakakutana na ya Papa Directeur.

Papa Directeur alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupigwa. Jolie akaelewa mara moja: yule mzee anajua. Alijua tangu mpira ulipoondoka kwenye gongo lake. Aliunda tume, akafunga madirisha, akaketi hapo mwisho wa meza kuona kama kuna atakayethubutu. Na ruhusa ya kwenda Kampala ilikuwa ya kutolewa na yeye.

"Siko na neno," Jolie alisema.

Papa Directeur akashusha pumzi, akajifuta shingo. Jolie hakuwa mtu wa chuki, kwao walilelewa kusamehe kila Jumapili. Lakini pale alimchukia yule mzee toka chini ya moyo, na akaona raha kumchukia.

Uamuzi msomaji anaujua. Mengine yalikuwa ni utekelezaji. Suala la kwanza lilikuwa kama mguu uliosimamishwa unaweza kutembea. Kurugenzi, kwa kuonyesha utu, iliupa kibali cha kutembea kwa shughuli za biashara na ibada. Suala la pili lilikuwa mazoezi. Paulin alikuwa anafika uwanja wa parokia kila asubuhi na kiti chake cha plastiki, anakaa kando ya goli, anautazama mguu.

"Imetikisika!" alikuwa anapiga kelele. "Mama Jolie, imetikisika!"

"Ni inzi, Paulin."

"Ifukuze na mukono. Mukono haina shida."

Mpira ukija kulia, Jolie anausikiliza ukipita. Washambuliaji wa timu nyingine, ambao walikuwa na redio kama watu wote, walijifunza haraka, na kikosi kikawa kinafungwa na kila mtu aliyeweza kunyanyua gongo. Jioni alikaa uani Ndosho na kinga zake za sponji mapajani, na baba yake, mzee Ézéchiel, anamtazama.

"Kule Masisi balitubebea ng'ombe," mzee alisema. "Nikasema bon, tuko na miguu, tutatembea. Sasa banabeba hata miguu."

Jolie alilia usiku ule, kwa sauti, bila kuficha.

Ruhusa ya Kampala nayo ilitoka. Papa Directeur hakutaka isemwe kwamba ana kinyongo. Paulin alikuja mwenyewe sokoni kumweleza Jolie: kurugenzi inamruhusu kuvuka mpaka, yeye mwili mzima, isipokuwa mguu wa kulia.

"Sasa nitavuka namna gani?" Jolie aliuliza, kisu cha fromage mkononi.

"Ile ni mambo ya kati yako na weye," Paulin alisema. "Sisi hatuingiliake mambo ya familia."

Huenda mambo yangeishia hapo, isingekuwa umakini wa kurugenzi yenyewe. Mtu mmoja ofisini aligundua kwamba, kwa kuwa pigo la heshima halikuingia, msimu haukuwa umefunguliwa. Mechi zote zilizochezwa zilikuwa ni vijana tu kukutana na magongo. Na Shirikisho la taifa la mpira wa magongo lilikuwa linamtuma mjumbe wake kutoka Kinshasa kuthibitisha kikosi cha kwenda Kampala, Mama Charline, mzaliwa wa Kindu, mwanamke aliyecheza mchezo huu hadi magoti yakamkataa. Haikufaa akute msimu uliofungwa. Ikaamuliwa pigo la heshima lirudiwe mbele yake, na historia isahihishwe.

Kipa alikuwa Jolie, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Paulin alimpa maelekezo yaleyale, na moja jipya.

"Muguu ya kuume hapana kugusa kitu. Ibaki palepale yenye iko. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kabisa palepale."

"Nimesema nimesikia, Paulin."

Mama Charline alikataa kukaa chini ya turubai. Alisema akiwa nyuma ya spika haoni kitu, akabeba kiti chake mwenyewe hadi nyuma ya goli, akakiweka kati ya motari na mama wa sambaza, akanunua sambaza. Ikabidi wageni wote wanyanyuke na viti vyao wamfuate.

Papa Directeur alivua koti. Akapiga. Mpira ukapita nje ya nguzo, kulia kwa Jolie, hatua nzima. Jolie alianguka kushoto kwa heshima, na mguu wake wa kulia ukabaki palepale.

"Ni mazoezi," Paulin alitangaza kwenye kipaza sauti. "Papa Directeur anapasha joto."

Akapiga tena. Mpira ukapita mahali palepale. Paulin akatangaza kwamba jiwe moja la volkano limeonyesha utovu wa nidhamu, na jiwe likaondolewa. Pigo la tatu halikuonyesha tofauti. Papa Directeur alimnong'oneza Paulin, Paulin akawanong'oneza vijana wawili, na wale vijana wakang'oa nguzo ya kulia wakaisogeza nje, mpaka pale mipira ilipokuwa inapita. Goli sasa lingeweza kupitisha basi. Papa Directeur akapiga. Mpira ukaenda kushoto, ukapita nje ya nguzo ambayo haikuguswa, ukasimama kwenye beseni la sambaza.

Kila mara Jolie aliinuka, akajikung'uta vumbi, akasimama tena golini mtulivu, akiwa ametii kila neno. Hakuwahi kuwa kipa mwenye nidhamu kama siku ile. Nyuma yake alisikia watu wanakohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa.

"Papa Directeur," Mama Charline aliita kutoka kwenye kiti chake. "Naomba kuuliza. Ule gardienne ni mugonjwa? Ju ya nini hatikisike?"

Paulin, aliyejua wajibu wake, alijibu kwenye kipaza sauti. "Mama Mjumbe, muguu yake ya kuume iko suspendu."

"Ilifanya nini?"

"Ilizuia mupira ya Papa Directeur, siku ya ouverture."

Mama Charline alitafuna sambaza yake taratibu. Alitazama nguzo ya kulia, akatazama ya kushoto. "Mupira yenye ilikuwa inaingia?" aliuliza.

Papa Directeur alikuwa amelowa, shati limemganda mgongoni. Alitazama goli lile kubwa, na mle ndani akamwona mtu mmoja tu Goma nzima aliyewahi kujaribu kumsaidia. Akapiga hatua mbili mbele.

"Mama Jolie," alisema. Sauti ya kwaya ilikuwa imekwisha. "Muguu irudi kwa kazi. Nimeirudisha. Tuendelee."

Jolie hakutikisika. "Papa Directeur, aksanti sana. Lakini inarudi vile tu? Kesho Paulin atasema nimeiba."

Paulin akaona ni kweli, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu alifundishwa na Papa Directeur mwenyewe. "Anasema vizuri," alitangaza, na spika zikapeleka sauti yake hadi barabarani. "Decision ya suspension ilikuwa na motif, ni kusema sababu. Decision ya kuirudisha kwa kazi nayo lazima ikuwe na motif. Papa Directeur, motif ni nini?"

"Andika tu imesamehewa."

"Msamaha haiko motif, Papa. Weye njo ulitufundisha."

Papa Directeur alitazama turubai tupu. Alitazama gari lake chini ya mti. Kisha akaangalia chini, kwenye mpira, akasema kwa sauti ndogo ya mtu wa kawaida kabisa:

"Ju mupira yangu inapitaka inje. Siwezi kuingiza. Njo asaidie kuivuta iingie, sawa vile alijaribu ile siku."

Paulin alisubiri kidogo kuona kama kuna nyongeza. Kisha akainua kipaza sauti na kutangaza, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwamba kuanzia saa ile mguu wa kulia wa Jolie Habineza unarudi kazini na haki zake zote, kwa motif kwamba Papa Directeur hawezi kuingiza mpira, wa leo wala wa siku ile.

Hapo hata wageni waalikwa walicheka.

Jolie hakucheka. Machozi yalimlengalenga, kwa sababu lile neno alilolimeza mbele ya tume, na likakaa tumboni mwake wiki na wiki, sasa lilikuwa hewani na lilikuwa limetamkwa na mwenyewe. Akaukunja mguu wa kulia, akaukunjua. Akaomba nguzo irudishwe mahali pake, na vijana wakairudisha mbio bila kumuuliza mtu yeyote.

Papa Directeur alipiga. Labda ni kwa sababu hakuwa na cha kuficha tena, labda mikono ilikuwa imechoka kukosea, lakini mpira ule ulitoka vizuri. Ulikuja chini, ulikuja mbio, ulipita kati ya mawe bila kuyagusa, na ulikuwa unaingia. Kila mtu nyuma ya goli aliuona unaingia, kulia, ndani kabisa ya nguzo. Papa Directeur mwenyewe aliuona, akanyanyua gongo juu.

Jolie naye aliuona. Safari hii hakumwonea mtu huruma. Alinyoosha mguu wa kulia, na mguu ukafanya kazi uliyorudishiwa.

Makofi yaliyopigwa pale yalisikika hadi barabara ya Sake. Motari walipiga honi, mama wa sambaza alitupa kitambaa hewani, na Kaswera alipuliza filimbi mpaka ikakwama. Papa Directeur, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa jasho, aliweka mkono kifuani, akainama kuwashukuru wananchi, akapunga kulia na kushoto, na ilibidi Paulin amfuate katikati ya uwanja kumnong'oneza kwamba hawampigii yeye.

Mama Charline hakuuliza swali lingine, akathibitisha kikosi. Jolie alikwenda Kampala mwezi ule ule na miguu yote miwili, na hakurudi, ila kwa Noeli, kumletea mzee Ézéchiel shuka. Kinga zake sasa ni za dukani.

Msimu wa mpira wa magongo katika mkoa wetu, kwa upande wa kisheria, bado haujafunguliwa. Kurugenzi inalishughulikia. Kila asubuhi, kabla wafanyakazi hawajafika, Papa Directeur huvua koti nyuma ya ofisi na kupiga mipira kwenye goli lisilo na kipa, na Paulin husimama nje ya nguzo, mbali kidogo, kule inakopita, akiiokota.